Kipimo cha Pili

Alhamisi, 27 Februari

Mdomo wangu huu! Sijui nani aliniroga.

Leo kikao cha maabara. Nesi alionyesha matokeo yake. Sote tunamwita Nesi — alikuwa muuguzi miaka kumi na mitano kabla ya kuja kusomea uzamivu chini yangu, na amenizidi umri kwa miaka tisa. Kwa mara ya nne matokeo yake hayalingani na yangu. Kazi yenyewe: seli za kongosho zinazotoa insulini zina milango midogo ya potasiamu. Kalsiamu ikipanda ndani ya seli, milango inafunguka, seli inatulia, insulini inapungua. Miaka sita iliyopita niliandika kwamba kalsiamu kiduchu tu inatosha kuifungua. Makala hiyo ndiyo iliyonipa kazi, ofisi na jina mlangoni. Nesi anasema hapana. Kwake inatakiwa mara kumi zaidi.

Nikamwambia mbele ya watu saba kwamba mikono iliyozoea kudunga watu sindano za makalio haiwezi kushika seli moja. Wakacheka. Hata yeye alicheka kidogo, kwa adabu tu. Akasema, "Asante Daktari, nitarudia."

Asante! Ningekuwa mimi ningetoka na kuubamiza mlango. Nimerudi nyumbani sijipendi.

Jumamosi, 1 Machi

Kwa mama. Alikuwa na jirani yake sebuleni. Hata viatu sijavua, ameshaanza: huyu ndiye mwanangu aliyegundua mlango wa sukari. Nimeshamwambia mara mia si wa sukari, ni wa potasiamu. Jirani akaniuliza kama nina dawa ya miguu inayokufa ganzi. Mdogo wangu akadakia kwamba dada anatibu seli moja moja, kwenye miguu bado hajafika. Tulicheka sana.

Baada ya kula nikajifungia chumbani kwa mama, nikamalizia ripoti ya Nesi. Kamati inakaa Ijumaa kuamua aendelee na masomo au aondoke. Nikaandika: hana mikono ya kazi hii, sishauri aendelee, arudi wodini. Mstari mmoja na nusu. Nikatuma, nikarudi kula matunda na wenzangu.

Jumatatu, 3 Machi

Nesi hakuja, mwanawe mdogo ana homa. Nikachukua daftari lake nitafute kosa moja la kuambatisha kwenye ripoti. Ndiyo, nilikwenda kutafuta kosa. Hapa angalau niseme ukweli.

Daftari safi kama chati ya mgonjwa. Kila kitu na saa yake. Na kwa kila chupa ya mchanganyiko wa kalsiamu, vipimo viwili vya asidi. 7.2. Halafu, baada ya kutia kalsiamu: 6.7, yaani asidi imepanda. Halafu: "nimerudisha 7.2."

Viwili. Mimi hicho cha pili sikikumbuki kabisa. Kesho nitalitafuta daftari langu la zamani. Lazima nilipima. Mtu gani hapimi?

Jumanne, 4 Machi

Sikupima.

Kurasa arobaini, kipimo kimoja kila chupa. Nilipima asidi, nikatia kalsiamu, nikaendelea na safari yangu. Najua vizuri kinachotokea! Nafundisha wanafunzi! Ndani ya chupa kuna dawa ya kuikamata kalsiamu, tunaiita polisi, ili ibaki huru kiasi kile tu tunachotaka. Polisi wakikamata kalsiamu wanaachia asidi. Asidi ikizidi, polisi wenyewe wanalegea na kalsiamu inatoroka. Ndiyo maana mtu unapima tena na kurudisha. Kazi ya dakika tano. Nilikuwa na haraka, na ncha ya kioo ilikuwa imeshashika kiraka cha ngozi ya seli, na kiraka hakikusubiri mtu.

Nikafunga maabara kwa ufunguo, nikachanganya chupa moja kwa njia yangu ile ile. Nikachovya kipima asidi. 6.7. Nikakisafisha, nikachovya tena. 6.7.

Basi kalsiamu yangu "kiduchu" ilikuwa mara kumi ya niliyoandika kwenye lebo. Mara kumi, kama ya Nesi. Mikono yake haina kosa lolote.

Nikamwaga chupa kwenye sinki na kufungulia maji mengi kama mwizi. Uso wangu nitauweka wapi? Nikaondoka mbio, hata daftari langu la zamani nililisahau mezani.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda kwa mkuu wa idara kusema. Kweli nilikwenda. Ndiye aliyenifundisha, ndiye mwenyekiti wa kamati. Kabla sijakaa akanipongeza kwa ripoti, eti siku hizi wasimamizi wanaogopa kusema mwanafunzi hawezi. Akasema wenzetu wa maabara tatu wanatumia namba zangu sasa. Akaniuliza nimefuata nini.

Nikasema printa yetu imeisha wino.

Akanipa kopo jipya. Nikalibeba kupita koridoo nzima. Printa yetu haina shida yoyote.

Nesi alikuwa kazini, ameinamia hadubini. Nikamuuliza habari za mtoto, akasema homa imeshuka. Niliongea nikitazama kopo la wino. Mwanamke mzima!

Alhamisi, 6 Machi

Barua kwa kamati nimeiandika mara nne. Ya kwanza kurasa mbili, visingizio vitupu. Ya mwisho mistari mitatu. Sijatuma hata moja. Mama kapiga simu, nikamwambia nina kazi nyingi. Nilikuwa nimekaa tu.

Ijumaa, 7 Machi. Saa nne kasoro, nje ya chumba cha kamati

Niliamka nimeamua. Ile mistari mitatu nimeichapisha, iko kwenye pochi: Nesi yuko sahihi, kosa ni langu, naondoa ripoti.

Nikamkuta ameshafika, amevaa suti ya kijivu, bahasha mkononi. Anatabasamu. Nikafungua mdomo, akaniwahi. Akasema imekubali. Jana na juzi amerudia yote, na milango imefunguka kwa kalsiamu kiduchu, sawasawa na makala yangu. Seli kumi na moja kati ya kumi na mbili. Kamati ameshaipa nakala. Akaniomba radhi kwa kunipotezea muda miezi yote hii.

Nikamuuliza amebadilisha nini.

"Nilikuta daftari lako mezani, Daktari. Nikafuata hatua zako moja baada ya moja."

Alisema polepole, macho yake kwangu. Anajua. Mtu aliyepima dozi za watu miaka kumi na mitano atakosaje kujua?

Akafungua daftari lake. Maandishi yale yale safi, ila kila ukurasa una mstari mmoja mtupu, pale pa kipimo cha pili.

"Nilipima," akasema. "Ni 6.7. Sikurudisha, na sikuandika. Ripoti yako nimeisoma, ila wodini nafasi yangu imeshajazwa na nina watoto wawili. Wewe ndiye mwalimu wangu. Nikiandike?"

Nikasema, "Nesi." Nimekaa kwenye benchi, nikatoa daftari hili.

Nikinyamaza, yeye anabaki na mimi nabaki, na mwakani tutafundisha wengine kutopima. Nikisema, wataiangalia nakala aliyowapa leo, na atakayeitwa mdanganyifu kwanza ni yeye, si mimi. Alikuja kwangu mkweli. Wiki moja tu ya mdomo wangu na ripoti yangu, tazama nimemfikisha wapi! Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Karani amefungua mlango. Wananitaka mimi kwanza. Ndani mkuu wa idara anacheka, nasikia anasema hongera. Nimemwomba karani dakika moja, namalizia kuandika. Amekubali kwa heshima zote, anadhani ni maelezo ya kikao.

Karani ametokeza kichwa tena. Nesi amesogea karibu, kalamu iko wazi, ameuliza tena kwa sauti ya chini, nikiandike? Na mimi naandika hapa badala ya kumjibu