Mpira wa Kifuniko

Sumbawanga, 9 Machi 1975

Kwako shemeji Mwinjuma,

Salamu zikufikie hukohuko Tabora. Huku mvua haijakatika. Adija ameanza darasa la kwanza na daftari lake halilali ila chini ya mto wake.

Katika barua yako ya rambirambi uliuliza gari yangu ilikuwa na nini, ile yenye kitanda na jiko niliyouziwa na Mzungu mpima ardhi. Ilikuwa inawaka vizuri, inakwenda maili tano, kisha inazima. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikafungua pampu. Wapi! Ukiiacha kidogo, inawaka tena.

Siku ile tunampandisha dada yako kutoka Mtowisa na uchungu wake wa uzazi, ilizima mara nane mlimani. Alikuwa kwenye kile kitanda, ananiambia, "Baba Adija, washa twende." Mara ya nane hakuniambia kitu.

Jana nimejua. Petroli ilipoadimika, nilikata mpira wa baiskeli nikaubana ndani ya kifuniko cha tangi, usitoke hata mvuke. Kumbe hewa nayo haikuingia, na bila hewa petroli haishuki. Nilipofungua, tangi lilivuta pumzi kama mtu. Nikautupa mpira, nikashuka mpaka Milepa na kupanda. Haikuzima hata mara moja.

Kukilegeza kile kifuniko kwa mkono tu, shemeji. Basi.

Mama yenu akikuuliza, mwambie gari bado inazima.

Ni mimi, Hamidi