Ndoo ya Mama Ernestine

Placide we, siamini! Mama Ernestine amemwagia Clovis, yule muuzaji wa ordinateri, hizi kompyuta, ndoo nzima ya maji ya sabuni. Mbele ya wafanyakazi wote!

Unajua ile ordinateri yake ya zamani mu chumba cha kusaga karanga? Jana waliifungua. Ventilateri, ile feni ya ndani, imejaa unga na miguu ya mende! Na ndiyo ilikuwa inapuliza juu ya chakula cha watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula kizuri. Tangu pale Mama anataka ordinateri isiyo na ventilateri wala tundu.

Leo Clovis akaleta mbili. "Zote zimezibwa, mama. Unaziosha kama sahani."

Mama akajibu: "Hata bidon ya mafuta tunaijaribu na maji mbele ya kununua, tuone kama inavuja."

Akaimwagia ya kwanza maji ya sabuni. Ikaendelea kuwaka. Clovis anatafuna karanga, hana wasiwasi.

Akainua ndoo juu ya ile ingine, ile Clovis alikuwa anasifu tangu asubuhi.

Placide, ALIRUKA! Akaikumbatia kama mutoto wake! "Hapana mama, hii hapana!"

Maji yalikuwa yameshatoka, yote yakamwangukia Clovis mugongoni.

Mashini ikabaki kavu. Mama akamwangalia anavyotiririka mpaka mu viatu. "Nakamata ya kwanza. Na wewe, baba, enda ujianike."