Papa, Mashine Yako Ilidhani Iko Ulaya

Papa,

Miezi miwili tangu tukuzike, na leo nina ugomvi na wewe.

Kompyuta yako ya hapa ofisini Kadutu, Bukavu, tunakowatafutia watu habari mtandaoni, ilipotea njia. Mzee mmoja wa Nyantende alikuja kuulizia wanakouza mbegu za mihogo. Nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakatoka maduka ya maua ya Uholanzi! Mama mwingine alitaka daktari wa meno aliye karibu, nikampatia wa Amsterdam. Wateja walicheka, kisha wakahamia kwa jirani. Maman naye akaamua: "Ile mashini inamulilia mwenyewe. Samedi tonton yako ataibeba kwake Nyangezi, tufunge biro."

Nikakataa: mjomba asiichukue Jumamosi, ofisi isifungwe. Nilikasirika hata nikasahau kulia.

Nikafungua kaye yako ya bluu, daftari ulimoandika kila ugonjwa wa mashine. Nikakusikia ukinigombeza: "Furaha, moja moja! Ukigusa vitu mbili, utajuaje gani njo ilikuwa mubaya?"

Basi, moja moja. Nikafuta historia: Uholanzi. Nikazima na kuwasha upya: Uholanzi. Nikauliza maneno yaleyale kwenye simu yangu: Bukavu. Kumbe mgonjwa ni kompyuta. Nikafungua dirisha la faragha, lile ambalo programu ndogo za nyongeza haziingii: Bukavu! Hapo nikajua nimeukaribia ugonjwa. Nikazima programu hizo, ya kwanza, ya pili: bado Uholanzi. Ya tatu ilikuwa na kibendera cha Uholanzi.

Niliitambua, Papa. Mwaka jana mitandao ya kijamii ilipofungiwa, huku dada yangu Aline amejifungua kule Kampala, wewe uliiweka ili kompyuta ijifanye iko Ulaya, upate kumwona mjukuu. Ukamwona. Ukapiga kelele mpaka majirani wakaja mbio. Lakini kuizima, ukasahau! Wewe, uliyewagombeza wateja kwa kosa hilohilo.

Na hatukujua, kwa sababu mtu akiuliza mahali pa hapa Bukavu, hukuwa unatafuta. Ulijibu kutoka kichwani: panda hapo, pita kanisa, mlango wa kijani. Kosa limeonekana kwa kuwa hupo. Nimekukumbuka sana, Papa. Niliizima, nikauliza tena: Bukavu.

Jumamosi tonton alifika na kamba za kufungia mzigo. Maman alikuwa amekaa kwenye kiti chako. Akaniamuru nitafute mbegu za mihogo mbele yake. Likatoka duka la hapahapa mjini. Akalisoma polepole, akamwambia tonton azirudishe kamba zake, kisha akanisukumia kaye: "Andika."

Nimeandika, chini ya mstari wako wa mwisho. Mzee wa Nyantende nimempigia simu. Na nakuahidi: kila mahali nitakapompatia mteja nitapaandika humo, na mlango wake na rangi yake, mpaka kaye hii iijue Bukavu kama ulivyoijua wewe.

Lala, Papa. Kesho saa mbili nafungua, kwa ufunguo wako.

Furaha wako