Uso Wako Dukani Bariadi

Yeyo, mama yangu,

Nimekukasirikia wiki nzima, nikaona bora nikwambie mwenyewe. Kwa nini ulimruhusu yule mnunuzi wa mikufu yetu akupige picha?

Siku ile hapa Bukundi ulikuwa umekaa kwenye ngozi, unanifundisha kutunga mkufu wa shanga. Ulishaniambia "Fumua!" mara tatu, maana nilikuwa nachanganya nyekundu na rangi ya chungwa. Akaja, akainua simu yake. Ukacheka: "Piga, nikifa mtanikumbukia wapi?" Na mimi, Msukuma uliyenipokea kama binti wa Kimaasai, nikacheka nawe.

Basi wanakukumbuka. Wiki iliyopita nilipeleka mikufu ya kikundi chetu cha akina mama dukani kwake Bariadi. Nikakuta boksi zima la bangili za plastiki, za kiwandani, kila moja imefungiwa kikadi chenye uso wako. Chini wameandika: "Imetungwa na mikono hii." Mikono ipi, Yeyo? Wewe tumekuzika tangu kabla ya pamba kuvunwa.

Nikamwambia, "Huyu ni mama yetu. Hizi hakuzitunga yeye."

Hata kuinuka hakuinuka. "Dada Kabula, wateja wanaipenda hiyo sura. Na nyie mnachelewa mno."

Mkufu mmoja unatuchukua siku nne, halafu tunachelewa! Nikaanza kuvichomoa vile vikadi mbele ya wateja, kimoja kimoja. Akaniita mwendawazimu. Akanitoa nje na mikufu yetu, akasema tusikanyage tena pale.

Nilidhani wenzangu watanipongeza. Thubutu! Mkamwana wako Nasieku ndiye aliyeanza kunifokea: "Umetufungia mlango kwa ajili ya picha? Wanangu watakula picha?" Nikageuka kukutazama wewe, uliyezoea kutupatanisha kwa utani, na hukuwepo. Msibani sikulia, unajua? Nililia pale, mbele yao wote, kama mtoto.

Jana Nasieku akaenda Bariadi kumwomba yule mtu radhi kwa niaba yetu. Aliporudi hakunisalimu. Akafungua fundo la khanga yake, vikadi vikamwagika mkekani, vina matope na alama za viatu. Dukani hakufika. Aliviona stendi: watu wakishanunua wanavaa bangili, uso wako wanautupa chini. Akainama akaviokota vyote alivyoviona, mkamwana wako, katikati ya pikipiki.

"Nisamehe, Kabula," akasema. Tukavifuta pamoja.

Mnunuzi hatuna, Yeyo. Hasira bado ninayo, na sehemu yake ni yako. Ila kesho mimi na Nasieku tunapeleka mikufu mnadani Lagangabilili, tuuze wenyewe. Atakayenunua mkufu ataambiwa jina la aliyeutunga, amwone kwa macho yake anavyotunga. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, mama yangu. Katika vile vikadi, picha yako moja nimebaki nayo. Hiyo haitoki nyumbani kwangu.

Msukuma wako,
Kabula