Baba Katika Ngozi ya Simba

Singida mjini, Jumanne, mwaka wa sitini na saba tangu tukimbie Mtinko.

Mdogo wangu Zuhura,

Natumaini goti limepata nafuu. Geuza kadi: huyo aliyevaa ngozi ya simba ni baba yetu. Kadi hizi zinauzwa kwenye maonyesho ya yule Mzungu mchoraji wa Mtinko. Wanamsifu, na anastahili. Ndiye aliyewafundisha watoto wa huku kuchora, akatundika picha zao bomani watu wazitazame. Lakini ngozi ilikuwa yake. Aliishusha ukutani kwake akamvika Baba ili picha ipendeze, miaka ileile simba walipokuwa wakiua watu, na wengi wakiamini simba hao wanafugwa na mtu; walipoiona picha, wakasema mtu huyo ni Baba.

Nikiwa mbele ya picha, akaja bibi mwenye mkongojo. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Wewe ni mtoto wa mwenye simba."

Vijana wakacheka.

"Chekeni tu. Kaka yangu aliliwa shambani kwetu."

Nilitaka kumweleza habari ya ngozi, nikaishia kugeuka kulipia kadi. Muuza kadi akauliza kwa upole, "Mzee, umefikia wapi?" Nikamtajia nyumba nyingine, si hii niliyofikia.

Sasa ni mchana, nami nimejifungia chumbani. Kaburi la Bibi kule Mtinko, nililokuja kulizuru, sitalifikia. Naondoka na basi la alfajiri. Wabusu wajukuu, nawe ujitunze, mdogo wangu. Huku sirudi tena.

Kaka yako