Tanki Irudi Juu

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa kumi

Moto. Sufuria. Beseni. Toka jikoni, pita uwanja, pita saluni ya wageni, ingia kwa bafu. Rudi. Tena. Yosua yuko mugongoni, hajafikisha hata miezi miwili. Anaoga maji ya moto sababu asubuhi za hapa Ngezi ziko baridi.

Nyuma ya jikoni iko pipa la chuma juu ya tanuru ya matofali. Baba mukwe alilijenga mwenyewe, mbele ya kufa. Maji baridi inatoka kwa tanki, inaingia chini ya pipa. Unawasha kuni. Maji ya moto inatokea juu, inapita ndani ya tiyo ya chuma mpaka robine ya bafu. Kazi nzuri kabisa. Lakini ukifungua, robine inatoa tone, tone, kama pua ya mutoto mwenye mafua. Ukingojea beseni ijae, utazeeka.

Kwa hiyo ninabeba sufuria. Na leo Neema alinikimbilia pale mulangoni. Maji yalimwagika kwa mukono wake. Kidogo tu, malengelenge mawili. Nilikaa chini naye, nikalia kumushinda yeye. Akaniuliza, "Mama, weye umeungua wapi?"

Sibebi tena maji ya moto ndani ya nyumba hii. Imekwisha.

Jumanne, tarehe 6

Nimefungua tiyo zote. Ndani: kutu, muchanga, na wadudu waliojenga kijiji chao. Nimesukuma waya. Nimepuliza mpaka kichwa kikazunguka. Nikarudisha, nikafungua robine.

Mafua yaleyale.

Mama mukwe alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa kibaraza. "Ile kitu ilikufaka zamani, Mama Neema. Tuko na sufuria."

Siye tuko na sufuria, ndiyo. Na Neema yuko na malengelenge. Nimechoka. Nitalala na kutu kwa kucha.

Alhamisi, tarehe 8

Nimeupata ugonjwa wa robine!

Nilivuta meza ya jikoni mpaka kwa tanki, nikapanda juu, tanuru ikiwa baridi, Yosua mugongoni. Nilitoa kwa tanki mupira unaopeleka maji kwa pipa, nikaushika juu ya kichwa changu, nikamimina bidoni nzima ya maji kupitia chupa niliyoikata. Neema nilimutuma bafuni aangalie. Akapiga kelele: "Mama! Inakojoa sana!"

Inakojoa sana. Nimecheka mpaka meza ikatikisika. Maji kidogo yaliruka pia kwa ile tiyo fupi iliyosimama juu ya pipa, wanayoiita tiyo ya pumzi. Sikuijali. Nilitaka kusikia bafu tu.

Pipa ni zima. Tiyo ni nzima. Ni tanki ndiyo iko chini mno. Imekaa juu ya matofali machache, karibu sawa na pipa. Maji inashuka kutoka wapi? Haina mahali pa kushuka. Tanki inatakiwa kupanda.

Nilimwambia Mama mukwe wakati wa chakula, na furaha yangu yote. Aliweka kijiko.

"Hapana."

"Mama, ni miti minne tu."

"Nimesema hapana. Tanki itabakia palepale."

Akaenda chumbani. Bugali yake ikapoa.

Ijumaa, tarehe 9

Nimekwenda kuangalia nyuma ya tanki, kwenye majani. Kuna visiki vinne. Wakati nimeolewa hapa waliniambia mchwa walikula mnara wa tanki. Mchwa hawakati sawasawa namna ile. Ile ni kazi ya musumeno.

Nilimwita Mama mukwe. Nilimwonyesha. Hakukana.

"Ni miye nilikata. Na mikono hizi."

Akaniambia akiwa amesimama, bila kuniangalia. Wakati wa vita, nyumba zenye kitu juu ndizo ziliingiliwa kwanza. Tanki ilionekana toka barabara. Mutu akiiona anajua: pale kuna mabati mazuri, kuna ng'ombe, kuna kitu. Baba mukwe alikuwa mugonjwa, hakuweza kushika musumeno. Kwa hiyo alikata yeye, akaangusha kila kitu, wakakimbia. Waliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Ya jirani, majivu.

"Kitu ya chini haionekanaka," alisema. "Unielewe, mutoto yangu."

Nimemuelewa. Ndiyo ubaya wake. Nimemuelewa kabisa na sikubali.

Baba Neema alipiga telefone kutoka ziwani, alikokwenda kununua samaki. Nilimwambia yote. "Muache Mama kwanza. Hali haiko ya kuamini." Hali! Nimeolewa na hali. Ukuta hatupaki rangi, sababu ya hali. Mulango wa mbele unashikwa na kamba, sababu ya hali. Watu wanasema amani, amani, na kila mutu analala na viatu karibu. Sawa. Miye pia. Lakini mutoto wangu hataunguzwa na vita ambayo alizaliwa nyuma yake.

Nimemujibu: "Rudi na samaki. Tanki inapanda."

Alikata. Ao ni reseau ilipotea. Sijali.

Jumamosi, tarehe 10

Fundi Janvier alikuja asubuhi, tukachukua miti ya kaliptusi, ile tulikuwa tumeweka kwa kujenga choo. Choo kitangoja. Mama mukwe alijifungia chumbani. Tulichimba mashimo. Janvier anapenda kuongea: "Mama Neema, siku moja weye utabeba nyumba nzima, bwana yako akute uwanja mutupu." Nilimwambia achimbe.

Miti ilikuwa imesimama, ubao wa juu bado haujapigiliwa, tukasikia milio kama ya bunduki. Mbali, upande wa Mbunya. Barabara ikanyamaza. Milango ikafungwa, pa, pa, pa, mpaka kwa duka la kona. Janvier akashuka kwa ngazi.

"Tuache kwanza, Mama."

Bibi yao alinifungulia chumba, nikamwingiza Neema na kumulaza Yosua kitandani karibu naye. Nilirudi. Nilishika muti.

"Fundi, kama watakuja, watakuta tanki chini ao watakuta tanki juu. Miye nataka waikute juu."

Aliniangalia kama mutu anaangalia mwehu. Akasema, "Weye!" Halafu akapanda na misumari.

Hakuna aliyekuja. Mpaka sasa hakuna anayejua ilikuwa nini. Mchana watu walitoka, wauza mandazi wakaita tena. Vijana wawili wa jirani walitusaidia kupandisha tanki. Inaonekana toka barabara, ndiyo. Inaonekana mpaka kwa kona. Nilisimama pale konani makusudi, niangalie.

Niliogopa sana leo. Naandika hivyo pia.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Nyuma ya misa maji ya mji ilikuja na nguvu, tanki ikajaa. Niliwasha kuni. Neema akasimama mbele ya bafu na kitambaa chake cha kujifutia kama mutu anayengoja mufalme.

Maji yakaruka kwa tiyo ya pumzi. Si bafuni. Juu ya pipa, hewani, yakaanguka ndani ya tanuru. Fuuu! Moshi, majivu, uwanja mweupe. Nilifunga mupira wa tanki, nguo imelowa, uso mweusi. Nilikaa juu ya kuni. Jirani walichungulia juu ya ukuta. Nilitaka kuishika ile tanki na meno.

Mama mukwe akatoka. Nilingoja "nilikuambia."

Aliangalia tiyo fupi. Akaangalia tanki. Akasema, "Tanki ikipanda, ile nayo inapanda. Inatakiwa kumushinda mwenzake urefu. Muzee yangu alisemaka hivyo."

"Na sasa tutapata wapi tiyo ya chuma ya namna hiyo?"

Akaingia ndani. Nikasikia kitanda kinavutwa. Akarudi na kipande kirefu cha tiyo kimefungwa kwa kitenge cha zamani, amekibeba na mikono miwili kama anabeba mutoto. Ncha moja imekatwa na musumeno. Nyingine iko na meno yake ya kufungia, yamepakwa mafuta. Mafuta si ya zamani. Mutu amekuwa anaipaka.

"Hii pia ilionekanaka toka barabara," alisema. "Nilikata. Lakini kuitupa, hapana."

Nilimushika mukono. Akautoa haraka, akaniambia nikaoge, ninatisha watoto.

Jumatano, tarehe 14

Janvier aliunga tiyo jana. Robine ya bafu ameipandisha, Neema asiifikie.

Leo asubuhi Mama mukwe aliingia kuoga wa kwanza. Hakuomba. Mulango ukafungwa, maji yakaanza, yenye nguvu, yanapiga simiti. Yosua amelala. Neema alikaa nami karibu na tanuru, malengelenge ya mukono wake yamekauka, ngozi mupya ya rangi nyingine kidogo. Tukasikiliza. Muda mrefu. Sijasikia mutu mukubwa anakaa ndani ya maji namna ile.

Halafu sauti yake nyuma ya ukuta:

"Mama Neema! Ongeza kuni."

Nikaongeza.