Mashine ya Chumbani Kwako

Gorong'a, 9 Februari 2025

Mwanangu Mwikwabe,

Habari za Dubai? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo tangu nistaafu ualimu linadhani nalo limestaafu.

Mashine yako ya kuchimba sarafu za mtandaoni inaendelea. Kila asubuhi napanda ngazi, nafuta vumbi kwenye paneli nane za sola, kisha saa tatu, jua likishakolea, nabonyeza swichi. Inapiga kelele kama ya kusaga unga. Juzi mzee Nyangwine alisimama mlangoni akauliza, "Mama Mwikwabe, kwani dhahabu ya ardhini imekwisha, mpaka mtoto achimbe chumbani?" Nikamjibu hata mimi shimo sijaliona.

Kitanda chako nimekisogeza mbali na joto lake. Shuka nafua kila Jumamosi ingawa hakilaliwi. Ulisema miaka miwili. Huu ni wa tatu. Niandikie kwa simu kama ninavyokuandikia, hata mistari mitatu.

Mama yako,
Philomena

Dubai, 20 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

U mzima? Samahani kwa kimya, kazi za ghalani ni nyingi. Kwenye simu naona mashine imezima tangu jana. Tafadhali angalia taa ya inveta ya sola, ni nyekundu au kijani? Kama ni nyekundu, zima, subiri dakika kumi, washa tena. Kama panya wamekata waya kama ile Januari, mwite fundi Ezekiel. Nijibu leo leo.

Mwanao,
Mwikwabe

Gorong'a, 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu, marahaba.

Mimi ni mzima, taa ni ya kijani, na waya haujakatwa. Mashine nimeizima mimi.

Usikasirike kwanza, soma. Januari panya walipokata waya, uliandika siku hiyo hiyo. Machi mvua ilinyesha siku tatu, mashine ikalala. Uliandika mara mbili. Barua yangu ya kitanda hukuijibu. Nimefundisha watoto miaka thelathini na moja, mura, kijana wangu. Hesabu ndogo kama hii hainishindi. Jumamosi nikasema, ngoja niizime nipate barua ya Pasaka. Nimeipata. Ndani yake neno Pasaka halimo.

Kanisani walikuja watoto waliotoka mbali. Mogesi wa kwa Nyangwine ametoka Mwanza, amenenepa. Nami nilipika wali na kuku wa kutosha watu wawili, nikala peke yangu. Nisamehe kwa mapato niliyokupotezea.

Mama yako

Dubai, 22 Aprili 2025

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni kazini, ili wenzangu wasinione.

Hakuna mapato uliyonipotezea. Tangu Septemba mashine haitoi kitu. Wachimbaji wakubwa wana mashine mpya maelfu kwa maelfu. Hii yetu, tuliyoinunua imeshatumika, inayofanya kazi jua likiwepo tu, ni jembe moja kwenye shamba la matrekta. Niliona aibu. Tuliuza mitamba miwili ya marehemu baba kwa ajili yake. Nilisema nitarudi ikishalipa, na kila barua yako iliuliza narudi lini. Nikawa naandika habari za waya tu.

Utauliza kwa nini basi sikukuambia uizime. Mama, kwenye simu kuna mstari unaoonyesha mashine inavyofanya kazi. Saa nne za huku, saa tatu za huko, unaanza kupanda. Mstari ukipanda najua umeamka, umefuta paneli, umefungua dirisha la chumbani kwangu. Nautazama, halafu narudi kubeba maboksi. Jumamosi haukupanda. Jumapili haukupanda. Machoni mwangu nilikuona umeanguka kwenye ngazi, na uani hakuna mtu. Nikashindwa kuandika, "Mama, uko hai?" Nikauliza taa ya inveta.

Usipande ngazi tena.

Mwanao mwenye aibu

Gorong'a, 24 Aprili 2025

Mwanangu, marahaba.

Nimeisoma mara tatu, nikalia, kisha nikakasirika. Miezi saba nafuta vumbi kwa ajili ya kitu kisichotoa hata shilingi! Na bado, ungeniambia habari ya ule mstari, ningepanda ngazi.

Lakini sitaiwasha tena. Ezekiel ameichomoa na kuitia guniani. Ameleta friji yake ndogo, sasa jua linatupozea maziwa ya ng'ombe wetu aliyebaki. Mitamba ya baba yako imekwenda, hairudi kwa sisi kunyamaziana. Mitamba huzaliwa. Usikae huko ukingoja mashine ikupe ruhusa ya kuja kwenu. Mkataba ukiisha, njoo, hata mikono mitupu. Hakuna atakayekukagua mlangoni.

Na ukitaka kujua kama nimeamka, piga simu. Naamka saa kumi na mbili.

Mama yako

Dubai, 25 Aprili 2025, saa moja asubuhi

Mama, shikamoo. Nimepiga mara mbili hupokei. Umeamka?

Mwanao

Gorong'a, siku hiyo hiyo

Marahaba, mura. Nilikuwa nakamua. Piga tena.

Mama